Nafasi Upande wa Kushoto

Siku ya kwanza ya darasa la filamu, mwalimu hakuwaonyesha wanafunzi kamera. Aliwaonyesha kufuli. Kamera ilikuwa moja tu kwa darasa zima, imefungiwa ndani ya kabati la chuma nyuma ya meza yake, na kufuli lenyewe lingetosha geti la gereza.

"Humo ndimo anamolala mkubwa," akasema huku akiligonga kabati kwa ukucha. "Haamshwi kwa mzaha. Kwanza mtachora."

Wakaguna. Walikuja kujifunza kushika kamera, wakapewa penseli na makaratasi yenye visanduku vitupu. Hiyo ndiyo storibodi, akawaeleza: filamu nzima unaichora kisanduku baada ya kisanduku, kila fremu mahali pake, kabla hujamsumbua mtu wala kuwasha taa. Kila mmoja akakata kadi ngumu, akatoboa dirisha la pembe nne katikati, akaambiwa atembee nayo popote, afumbe jicho moja, atazame dunia kupitia hapo. Kwa wiki kadhaa mtaa ule ukajaa vijana wanaotembea wamefumba jicho moja, na wenye maduka wakadhani kuna ugonjwa umeingia.

Mwalimu alikuwa na sheria mbili, na alizirudia kama mtu anayemlisha mtoto uji. Ya kwanza ni mstari. Ukuta usimame wima, sakafu ilale sawa, na asiyejua kusimamisha ukuta kwenye karatasi asiguse kamera yake. Ya pili ni nafasi. Mtu akitazama kushoto, mwachie nafasi kushoto. Kitu kikienda kushoto, kiachie nafasi upande huohuo.

"Ukiacha nafasi, mtazamaji atakaa anasubiri kitu kiingie," alisema. "Kwa hiyo kabla hujaiacha jiulize, nafasi hii ni ya nani?"

Kati ya wanafunzi hao alikuwepo binti mmoja aliyeishi na mama yake ghorofa ya tatu ya jengo la pembeni mwa barabara. Mama alikuwa fundi cherehani, na sebule yao ndiyo iliyokuwa karakana, kwa hiyo ukikaa kula lazima kwanza uhamishe sketi ya mtu. Kushoto mwa jengo palikuwa na kiwanja kitupu ambapo wapangaji walianika nguo na kukaa kivulini mchana. Zamani jengo lilikuwa na ghorofa tatu. Mwenye nyumba akaongeza mbili juu yake, akazijaza wapangaji, na bado aliacha nondo zimechomoza juu ya paa, zikisubiri ghorofa nyingine. Tamaa haina paa, lakini kuta zake zina mwisho.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchora tukio la nyumbani. Binti akamchora mama yake akishuka ngazi na furushi la nguo zilizoshonwa. Aliichora kwa bidii, ameketi kwenye ngazi na kadi yake jichoni, akiupima ukuta na ukingo wa kadi. Alipoipeleka darasani mwalimu aliibandika ubaoni, akasimama mbele yake, akainamisha kichwa.

"Fremu imelala," akasema.

Darasa likacheka. Mwalimu akachomoa kalamu nyekundu, na juu ya kila ukuta wa binti akapiga mstari wake mwenyewe, wima kabisa. Kati ya mstari wa binti na wa mwalimu palibaki kijinafasi chembamba, kama kipande cha keki cha kugawia watu usiowapenda.

"Jengo halilali, mwanangu. Jicho ndilo hulala. Chora tena."

Mwalimu akaitia karatasi ile kwenye faili lake. Binti akachora tena, ikalala tena. Akakata kadi mpya akidhani ya kwanza ilikatwa vibaya, na bado kuta zote zikaelekea upande uleule. Mara ya tatu kijana wa kurekodi sauti, waliyemwita Kelele kwa sababu alikuwa haongei, akamtazama kwa huruma akasema neno moja, "Mshazari." Likamganda. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita jina jingine.

Ndipo Mshazari akaanza kuangalia nyumba badala ya karatasi. Penseli yake ikiachwa juu ya meza ilijiviringisha yenyewe mpaka ukutani, kila mara ukuta uleule wa kushoto. Cherehani ya mama ilitikisika, na mama, mwanamke asiyetupa kitu, alizikunja zile storibodi nyingine zilizokataliwa akaziweka chini ya mguu wa meza ya cherehani mpaka ikatulia. Milango ilianza kukwama. Mlango ukikwama aliitwa Babu Randa, msimamizi wa jengo, aliyekaa chumba cha chini ya ngazi. Alikuwa seremala tangu ujana wake, na dawa yake kwa kila ugonjwa ilikuwa ileile: alikuja na randa yake, akaukwangua mlango ubavuni hadi ukafungika, akazoa maranda yake akaenda zake akipiga mluzi.

Jioni moja Mshazari alifunga kifungo kizito cha koti kwenye uzi wa mama yake, akautundika juu ya fremu ya mlango. Uzi uliposimama, juu uligusa mbao. Chini, kati ya uzi na mbao, kiganja cha mama kilipita.

Mama akaingiza kiganja chake hapo, akakitoa, akakiingiza tena.

"Mungu wangu," akasema taratibu. "Na sisi tunalala humu."

Kesho yake akatoa mabegi juu ya kabati, akaanza kufunga nguo. Wataenda kwa mama mdogo, akasema, watabanana huko hata kama mume wa mama mdogo ana mdomo. Akawaambia pia wapangaji wenzake. Na kama ilivyo kawaida ya maneno, neno likapanda ngazi na kushuka ngazi likinenepa njiani, hadi likamfikia Babu Randa. Babu akapanda hadi ghorofa ya tatu amekunja uso.

"Nimesikia ninaangusha nyumba," akasema.

"Babu, kuna ufa pale kwenye ngazi," mama akasema. "Si wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta?"

"Ule si ufa, ni rangi imechoka. Nitaipaka."

Na kweli akaipaka.

Sasa hapa ndipo roho ya mtu inapopimwa, na mimi nisingependa kupimwa hapo. Ilikuwa ndiyo wiki ya kuchagua. Storibodi moja tu ingepigwa picha kwa kamera halisi, na mwenye storibodi angeongoza darasa zima siku hiyo. Mshazari alikuwa anaitaka nafasi hiyo mpaka anaota. Alimpelekea mwalimu habari ya uzi na kifungo, na mwalimu, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa amechoka na alikuwa na karatasi nyingi za kusahihisha, hakuinua hata kichwa.

"Ni upepo huo. Michoro yako ina uhai kuliko ya wote humu, unajua hilo? Kitu kimoja tu kinakuangusha. Simamisha kuta zako."

Akarudi nyumbani akachukua rula. Akachora ngazi zilezile, mama yuleyule, furushi lilelile, na safari hii hakutazama ukuta. Aliusimamisha tu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema lolote kuhusu anayelisikia kupita kiasi. Mwalimu alipoiona akapiga meza kwa furaha. "Sasa una jicho!" Storibodi yake ikachaguliwa.

Mama akauliza, "Na nyumba?"

"Ni jicho langu, mama. Mwalimu amesema. Nilikuwa nachora vibaya."

Tusimwonee kwa kusema alidanganywa. Alitaka kudanganyika, na mama naye alitaka, maana hakuna anayependa kwenda kubanana kwa mdogo wake na mashine ya kushonea mgongoni. Mabegi yakarudi juu ya kabati. Mama akamshika mkono wakazunguka mlango kwa mlango kuomba radhi kwa kuwatia watu hofu, na mlango wa mwisho ukawa wa Babu Randa. Mzee akacheka, akampapasa kichwa, akamwita mjukuu. Yakaisha.

Lakini chini ya mguu wa cherehani mama aliendelea kuongeza karatasi. Penseli ilipoanguka, Mshazari aliiokota bila kuangalia imeangukia upande gani. Na randa ya Babu ilisikika asubuhi, ikasikika mchana, siku hizi ghorofa hii na ile, na ndoo yake ya maranda ilijaa haraka kuliko zamani. Hakuna aliyeuliza kwa nini milango yote ya nyumba moja inanenepa kwa pamoja.

Siku ya kupiga picha ilifika, siku ya mapumziko, watu wengi wapo nyumbani. Darasa likapanda na nyaya na taa. Mwalimu mwenyewe aliibeba kamera kama mtoto mchanga, akaifunga juu ya stendi ya miguu mitatu kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu. Kwenye shingo ya stendi palikuwa na pimamaji dogo. Akavuta mguu huu, akafupisha ule, mpaka kipovu kikatulia katikati ya duara lake.

"Mwongozaji," akasema akirudi nyuma, akitabasamu. "Kamera ni yako."

Mama alikuwa juu ya ngazi na furushi lake, amevaa gauni alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Mshazari akafumba jicho moja, akaweka la pili kwenye kamera.

"Mwalimu, fremu imelala."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akainama kutazama. Akatazama muda mrefu kidogo. Akainuka, akakiangalia kipovu, kimekaa katikati, hakina hatia. Akainama tena. Kisha akafungua faili lake, akalipekua hadi akaipata ile storibodi ya kwanza kabisa, yenye mistari yake mwenyewe ya wino mwekundu. Akaishika kando ya kamera, akalinganisha mchoro wa binti na ukuta wenyewe. Ukuta ulikuwa umelala zaidi ya mchoro.

Uso ukamwisha rangi. "Nani wamo ndani ya jengo hili?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Wote," Mshazari akajibu. "Leo wapo wote."

Mama alikuwa ameshaliweka furushi chini. "Tena?" akasema.

"Tena, mama. Na halikuwa jicho langu. Nilijua halikuwa jicho langu."

Mama alimwangalia. Alikuwa na mengi ya kusema, na yote yalionekana usoni, lakini aliyaweka kando kama nguo ya mteja asiye na haraka. "Tuwatoe watu kwanza," akasema.

Wakagonga milango. Afadhali wangegonga mawe. "Jicho limekurudia?" akauliza mwanamke wa ghorofa ya nne, na mumewe akacheka na chakula mdomoni. "Mtatuomba radhi saa ngapi leo, tujipange?" Kijana mmoja akawafungia mlango usoni, au alijaribu, maana mlango uligoma nusu ya njia. Mwalimu akajitambulisha, akasema yeye ni mtu wa chuo na amepima. Wakamuuliza kama yeye ndiye yule mwalimu aliyesema binti hajui kuchora. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini tuwe wa haki: sikio hili lilikuwa limeshapewa dawa, kisha likaambiwa na daktari yuleyule kwamba haliumwi.

Mshazari akasimama katikati ya ngazi. Ukutani mbele yake, rangi mpya ya Babu Randa ilikuwa imechanika. Kutoka ndani ya ukuta ulisikika mlio mdogo, kama mtu anayetafuna mchanga. Kelele, aliyekuwa amevaa vipokea sauti, aliusikia zaidi ya wote. Akavivua masikioni polepole, akamwangalia.

Hapo ndipo akili ilipomjia Mshazari. Akajaza mapafu akapiga kelele mpaka ghorofa ya tano:

"Jamani! Tunapiga picha ya watu wote wa jengo! Asiyeshuka hatoonekana kwenye filamu!"

Loo! Ungeona. Milango iliyokataa kufunguka kwa ajili ya uhai ikafunguliwa kwa mateke kwa ajili ya filamu. Wakashuka na vitana, wakashuka na watoto waliofutwa nyuso kwa mate, wakashuka wanafunga vifungo. Yule mume wa ghorofa ya nne alishuka na koti la suti juu ya bukta. Mama alisimama kwenye kila kibaraza akiwahesabu familia kwa familia, akiwahimiza kama anawapeleka harusini.

Mwalimu akalitoa darasa, akaivusha kamera barabara, akaisimamisha ng'ambo, akakirudisha kipovu katikati. Mshazari akainama kuangalia. Jengo likaonekana lote, tangu ngazi za mlangoni hadi zile nondo za juu ya paa, na lilikuwa limeinamia kushoto kama mzee anayesikiliza siri. Mkono wake, bila yeye kuuamuru, ukaisogeza kamera taratibu hadi jengo likakaa kulia mwa fremu. Kitu kikielekea kushoto, kiachie nafasi kushoto. Ndipo akaona kilichokuwa ndani ya nafasi hiyo. Wapangaji wote walikuwa wamejipanga kwenye kiwanja, kivulini, chini ya ukuta wenyewe, wanatabasamu.

"Tokeni kwenye fremu!" akapiga kelele. "Wote! Njooni nyuma ya kamera!"

"Si umesema tutaonekana?"

"Mtaonekana! Kwanza nachukua jengo peke yake! Mnaniharibia picha!"

Wakanung'unika, wakaguna, lakini wakavuka. Ajabu ya binadamu ni kwamba ukimwambia atoke kwenye hatari atataka ushahidi, ukimwambia atoke kwenye picha anaomba samahani. Mama akavuka wa mwisho, amembeba mtoto wa watu. Akawahesabu tena kwa macho. Kisha akageuka upande wa jengo, na Mshazari akamsikia akivuta pumzi.

Kutoka chumba cha chini ya ngazi ilikuwa inasikika randa. Kwaa. Kwaa. Kwaa.

"Babu Randa!" Mshazari akaita. "Babu, njoo upigwe picha!"

"Uzee wangu nauona kwenye kioo, unanitosha!" sauti ikajibu, na randa ikaendelea.

"Babu, nakuomba!"

Kwaa. Kwaa.

Mwalimu alianza kuvuka barabara kumfuata, mama akamshika shati akamvuta nyuma. Yeye alimjua mzee huyu miaka yote. Kumbembeleza Babu Randa ilikuwa kupoteza muda, na kumtisha vilevile. Akaweka mikono mdomoni akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mpangaji mwenye kero.

"Babu! Mlango wa duka la huku ng'ambo umekwama! Mwenyewe amefungiwa ndani!"

Randa ikanyamaza.

Wakasubiri. Mzee akatokea mlangoni, maranda kwenye ndevu, randa mkononi. Akashuka ngazi za nje moja baada ya nyingine, akafika ukingo wa barabara, akajipapasa mifuko.

"Nimesahau misumari," akasema, akageuka kurudi.

"Misumari ipo!" wakapiga kelele wote, hata wale ambao hawakujua kwa nini wanapiga kelele.

Akashangaa kidogo, akatikisa kichwa, akavuka. Alitembea kama wazee wanavyotembea, akisimama katikati ya barabara kumkemea mwendesha baiskeli. Mshazari alimfuata kwa kamera mpaka akatoka kwenye fremu. Sasa mle ndani palibaki jengo peke yake upande wa kulia, na upande wa kushoto kiwanja kitupu, na kamba ya nguo zilizoachwa zikining'inia. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka. Hakukumbuka kuiwasha.

"Haya, mlango upi?" Babu Randa akauliza nyuma yake, akihema. "Mjukuu wangu, mlango upi umekwama?"

Mshazari alibaki na jicho kwenye kamera. Juu ya paa zile nondo zilikuwa zimeanza kusogea, polepole, zote kwa pamoja, zikiingia upande wa kushoto.